Leo mwanao amevaa nini? Barua zenu kuhusu Taken

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu Taken, picha ya mwaka 2008 ambayo baba mmoja mstaafu wa ujasusi wa Marekani, Bryan Mills, anamfuata Paris binti yake Kim aliyetekwa na genge linalouza wasichana. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea, na baadhi zimeninyima usingizi. Kwa wasionifahamu: mimi na marehemu mume wangu tuliendesha kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyesha video, pale Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Yeye alikuwa kwenye deki, mimi mlangoni na kopo la hela. Picha hii tuliionyesha 2009, usiku mwingi mfululizo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwenye skrini na kwenye mabenchi pia.

*Shikamoo mama. Hapa kijiweni tumebishana mpaka wateja wametukimbia. Mimi nasema ile picha ni uongo mtupu. Mzee wa miaka hamsini na ushee hawezi kumaliza genge zima peke yake na risasi zisimguse. Wenzangu wanasema hakuna picha kali ya mzazi na mtoto kama ile. Tuamulie.*
Fundi pikipiki, Mabatini

Marahaba mwanangu. Kwenye risasi una haki yako yote. Liam Neeson alizaliwa 1952 huko Ireland ya Kaskazini, na ujanani alipigana ngumi za ulingoni, ndiyo maana ngumi zake zinaonekana zina uzito. Lakini hakuna ngumi inayomaliza nyumba iliyojaa watu wenye bunduki. Steringi hafi, hilo tunalijua tangu enzi za mikanda.

Ila wenzako nao wameona kitu. Picha ile iligharimu dola milioni 25 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 220 duniani, na picha za risasi zinatoka kila mwaka zisirudishe hata gharama. Mimi nitakwambia pale ilipowakamata watu. Kibanda chetu kilikuwa kinajaa siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanakuwa nchi kavu. Sasa mwanzoni kabisa mwa picha kuna sherehe ya kuzaliwa ya Kim. Baba amezunguka kutafuta zawadi, amechagua mashine ya kuimbia kwa sababu mtoto anataka kuwa mwanamuziki, ameifunga vizuri kwa mikono yake. Kim anaifurahia. Mara mume mpya wa mama yake anatoa zawadi yake: farasi. Mtoto anakimbilia farasi, baba anabaki amesimama.

Hapo wanaume sitini walinyamaza. Ni watu waliokuwa wamekaa visiwani wiki tatu, wamerudi na viatu ambavyo mguu wa mtoto umeshavipita. Baada ya kuona uso wa yule baba, angeweza kupiga jeshi zima na wangemwamini. Muulize mwenzako anayebisha kama anakumbuka bunduki au anakumbuka farasi.

*Mwanangu wa miaka 9 ameisikia shuleni, anaomba nimwekee. Nimwekee?*
Mama wa watatu, Buhongwa

Hapana, mdogo wangu. Kule Marekani picha hii iliingia kumbi za sinema kwa kundi la PG-13, yaani wazazi wanaonywa hasa kwa watoto wa chini ya miaka 13, na hata hiyo ilikuwa imepunguzwa makali. Ipo nakala nyingine ndefu na kali zaidi, na ukinunua mtaani hujui umeuziwa ipi. Kuna vyumba vya wasichana waliodungwa dawa za kulevya. Mtoto wa miaka 9 hana pa kuliweka jambo kama lile.

*Habari za siku, dada. Mume wangu alileta hiyo picha nyumbani tukaitazama pamoja na binti yetu wa miaka 17. Amemaliza kidato cha nne, na rafiki yake amemwalika Dar wiki mbili kwa shangazi yake huyo rafiki. Nilikuwa nimeshakubali. Baada ya picha nimekataa, maana yule baba naye aliogopa, wakamwona mnoko, kumbe alikuwa sahihi. Sasa binti haniongeleshi, na mume wangu anasema nimetishwa na sinema. Nani kakosea?*
Mama, Kitangiri

Nzuri, dada yangu. Kuogopa hujakosea. Ulichokosea ni kuishia kwenye kuogopa, na hapo nakuelewa kuliko unavyodhani. Nikueleze la kwangu.

Mwaka 2003, Jumamosi moja, nilikwenda Mwaloni na mwanangu wa pili, ana miaka 5. Mwaloni ya asubuhi unaijua: mitumbwi imebanana, wachukuzi wanakimbia na magunia ya dagaa wakipiga kelele wapishwe, chini ni maji ya samaki na magamba. Nilimwachia mkono nihesabu hela. Nilipoinua uso hayupo. Nikapiga yowe, na watu wa Mwaloni ni watu. Waliacha mizigo wakaja. Mmoja akaniuliza, amevaa nini? Nikajibu bila kufikiri: sweta la bluu.

Saa tatu nzima soko lilimtafuta mtoto mwenye sweta la bluu. Kumbe sweta nilikuwa nimelifua alfajiri ile, liko kwenye msumari nyuma ya nyumba linachuruzika maji, na mtoto nilimvisha mwenyewe, kwa mikono yangu hii, fulana ya njano ya kaka yake inayomfika magotini. Aliyempata ni mzee wa mkokoteni. Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya lundo la magunia matupu anachezea vipande vya barafu. Mzee alinishikisha mkono wake akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "huyu nimempita mara mbili." Mara mbili, kwa sababu ya sweta langu.

Ndiyo maana 2009 ilipofika ile sehemu ya simu, nilitoka nje nikasimama karibu na taa ya muuza mihogo mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Unaikumbuka. Kim yuko Paris ndani ya nyumba, anaona kupitia dirishani rafiki yake Amanda anakamatwa, yuko kwenye simu na baba. Baba hamdanganyi. Anamwambia watakukamata. Nenda chumba cha pili, ingia chini ya kitanda, weka simu sakafuni, na wakikushika piga kelele utaje kila unachokiona: nywele, macho, kovu, chochote. Na mtoto, anaburutwa, anapiga kelele: ndevu, urefu wa futi sita, chale mkono wa kulia, mwezi na nyota. Watu wanakumbuka maneno ya kitisho ambayo baba aliyasema baada ya pale. Mimi nakumbuka mwezi na nyota. Zile saa 96 alizoambiwa kwamba zikipita hampati tena, alizianza na maneno ya mtoto na sauti ya mtu mmoja kwenye simu. Bunduki ilikuja baadaye.

Sasa rudi nyuma kidogo, pale watu wengi wanapopita haraka. Wasichana waliuzwa uwanja wa ndege, hata kabla hawajafika nyumbani. Kijana mzuri, mcheshi, anajiita Peter, anaomba wachangie teksi. Kwenye teksi anaijua nyumba, na Amanda anamwambia wako wenyewe tu. Kazi imekwisha. Na baba hakuyajua hayo kwa sababu alikuwa ameambiwa wanakwenda Paris kuangalia majumba ya makumbusho, kumbe safari ni ya kuzunguka Ulaya kufuata ziara ya bendi. Mama mtu alijua. Walimficha kwa sababu walijua atasema hapana.

Ndiyo sababu nyumba yako iliyonyamaza inanitisha kuliko safari ya Dar. Binti wa miaka 17 akishajifunza kwamba akisema ataambiwa hapana, safari ya pili hatasema.

Na kwetu Peter haji na teksi. Mwaka huohuo wa 2008 Tanzania ilipitisha sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na wanaoshughulika na mambo haya wanakuambia kwamba wengi wanaochukuliwa hawavuki hata mpaka. Wanatolewa vijijini na visiwani kwenda mijini, na anayewatoa mara nyingi ni ndugu au jirani, mtu wa kuitwa shangazi, anayeahidi shule au kazi nzuri. Mtoto anafika anakuwa mfanyakazi wa ndani asiyelipwa, au baya zaidi. Hakuna anayepiga kelele, kwa sababu kila mtu ameaga vizuri.

Kwa hiyo mfungulie mlango wa mazungumzo, halafu uliza kama mama. Ongea na huyo shangazi mwenyewe, si kupitia kwa watoto, na umwone uso kwenye simu. Ongea na mama wa rafiki. Ujue mtaa, na jina la mjumbe wa mtaa huo. Siku ya safari mpeleke mwenyewe kituo cha mabasi cha Nyegezi, upige picha namba ya basi na upige picha yake yeye alivyo siku hiyo, nguo, nywele, begi. Kitambulisho chake akae nacho mwenyewe, na nauli ya kurudi iwe mfukoni mwake, asikabidhiwe mwenyeji amtunzie. Kubalianeni neno moja la kawaida, mathalani jina la bibi aliyefariki, kwamba akilitaja kwenye simu wewe unajua mambo si shwari hata kama sauti ni ya kucheka. Na yeye aijue namba 116, ya simu kwa mtoto, haina malipo. Na kwamba vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Wewe nawe, ukiona kimya kisichoeleweka, usisubiri kupambazuke.

Shangazi akikwepa hata swali moja kati ya hayo, hapo kataa, na umwambie binti sababu yako waziwazi. Akijibu yote, mwache aende.

*Shikamoo mama. Kwenye kikundi chetu cha vijana kanisani tumegawanyika. Yule baba anamfunga mtu kwenye kiti anampiga shoti ya umeme, na anampiga risasi mke wa rafiki yake asiye na kosa ili mume aseme. Wengine wanasema kwa mtoto wako unafanya lolote. Mimi roho inakataa. Nimekosea?*
Mwanafunzi, Igoma

Marahaba. Hujakosea. Yule mke alikuwa amepika, amemkaribisha mezani. Risasi ilimpata mkononi tu, na picha inamwacha pale sakafuni inaendelea na safari. Nilimpenda yule baba mpaka pale mezani.

Kuna jingine. Pale kwenye jengo linalojengwa, vyumbani, kuna wasichana wengi. Anamchukua mmoja, kwa sababu ana jaketi la Kim, anamtibu kwa dripu mpaka anazinduka. Bibi aliyekuwa akiuza kahawa kwenye mlango wetu alichungulia usiku ule akauliza, "Na wale wengine?" Akajibiwa na kibanda kizima anyamaze. Mimi swali lake sijaacha kulibeba.

Halafu kuna jambo ambalo sikulimalizia hapo juu. Saa ya pili ya kumtafuta mwanangu niliona mwanaume anapita haraka amebeba mtoto anayelia, mtoto amefunikwa kanga uso. Nilinyoosha kidole nikasema, "Yule!" Neno moja tu. Unajua kwetu inavyokuwa mtu akiitwa mwizi wa watoto. Walikuwa wameshamchania shati, mawe yameshaokotwa, ndipo kanga ikadondoka ikaonekana ni binti mdogo, mwenye homa, anamwita baba. Alikuwa anamkimbiza hospitali. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake wiki hiyohiyo, akanipokea, mkewe akanipa maji. Alikuwa na plasta juu ya jicho.

Kwa mtoto wako unafanya lolote, wanasema wenzako. Mimi nilikuwa tayari kufanya lolote asubuhi ile, na nilikuwa nimekosea mtu na nimekosea nguo. Kwenye sinema mwandishi amehakikisha kila anayepigwa, ukimwacha yule mke, ana hatia au ana habari. Wasimulie hili kwenye kikundi chenu, nimekuruhusu.

*Dada, mbona kwenye picha hizi mama ni wa kulia tu? Hakuna ambayo mama ndiye anamfuata mtoto?*
Muuza nguo, Makoroboi

Ipo. Tafuta Kidnap ya 2017, Halle Berry. Ni mhudumu wa mgahawa, hana ujasusi wala bunduki. Ana gari la familia na mguu kwenye mafuta. Simu yenyewe inamdondoka mwanzoni. Anafika kituo cha polisi, anaona ukutani picha za watoto waliopotea miaka na miaka, anageuka anarudi kwenye gari.

Na kama una uvumilivu wa picha ya polepole, Changeling ya 2008, aliyoiongoza Clint Eastwood, Angelina Jolie akiwa mama. Hiyo ilitokea kweli, Los Angeles, 1928. Mtoto wa Christine Collins anapotea, polisi wanamletea mtoto mwingine na kumlazimisha akubali ni wake, akikataa wanamfungia wodi ya wagonjwa wa akili. Kwenye picha anamsimamisha yule mtoto kwenye alama za urefu alizokuwa akimpimia mwanawe ukutani, na mtoto anakuwa mfupi kwa inchi tatu.

Kwangu alama kama zile ziko kwenye fremu ya mlango wa jikoni, za mkaa. Ya kwanza ni ya Jumapili iliyofuata ile Jumamosi ya Mwaloni.