Nimeacha ugali wiki tano, kitambi hakijasikia

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 29, naishi Majengo hapa Moshi, kilo 80, kazi yangu gereji na jioni naenda jim siku nne kwa wiki. Nataka kukauka, tumbo likatike, so nikaacha wanga wote, ugali wali ndizi sigusi. Asubuhi mayai manne ya kukaanga, mchana mbavu za mbuzi za kuchoma na parachichi, usiku nyama tena. Wiki mbili za mwanzo nilishuka kilo 3 nikafurahi balaa, toka hapo mzani umegoma, jim sina nguvu na nyumbani wanasema nimekuwa na hasira za ajabu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nikuharibie furaha kidogo, zile kilo 3 nyingi zilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya hiyo akiba inashika kama gramu 3 za maji, sasa ukikata wanga ghafla akiba inaisha na maji yanaondoka nayo, mzani unashuka kitambi kimetulia zake. Na hiyo akiba ndo unayonyanyulia vyuma, lazima ulegee.

Ila kesi yako kubwa ni mafuta. Gramu ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Umemkimbia ugali umeenda kulala kwa mafuta! Juzi nilimwangalia mama mmoja anakaanga mayai pale karibu na stendi, anamimina mafuta toka kwenye dumu moja kwa moja mpaka mayai yanaogelea, na kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta ni kalori kama 120, yeye pale vilipita vitatu kama si vinne. Ongeza mbavu, ongeza parachichi (zuri sana, ila nusu inatosha), hapo bado hujanywa hata chai.

Kwa kilo zako lenga protini gramu 130 mpaka 160 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwahiyo manne ni 24 tu, usijidanganye. Jazia na dagaa, steki isiyo na mafuta, kuku bila ngozi, maziwa mgando. Maharage kula, ila usiyahesabu kama nyama, yana wanga mwingi kuliko protini. Mafuta yawe kama gramu 60, usiyafute kabisa maana homoni zinayahitaji na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Kalori zinazobaki ni za wanga, na kwa mtu wa gereji zinabaki nyingi tu, kwahiyo machalari (zile ndizi za kupika na nyama) rudi nayo, weka steki badala ya nyama ya mafuta, na kipande cha ugali mchana hakuna atakayekufunga.

Hukutaja mbege wala bia na mi siulizi, ila pombe ina kalori 7 kwa gramu.

Pima uzito asubuhi kabla ya kula, na kiuno pima kwa futi ya fundi cherehani. Ukishuka nusu kilo kwa wiki upo sawa, ukiona kila wiki inapita kilo nzima hapo huenda unakula na misuli yako mwenyewe, ongeza ndizi kwenye sahani.