Google ilinakili Java, mbona haikulipa?

SWALI: Oracle, kampuni inayomiliki Java (lugha ya kuandikia programu), iliishtaki Google mwaka 2010 kwa kuinakili ndani ya Android, mfumo wake wa simu, ikashindwa. Je, nasi tunaweza kunakili vivyo hivyo?

JIBU: Msikimbilie huko. Google ilichukua mistari 11,500 hivi ya matamko tu, yaani majina na mpangilio wa amri, kama java.lang.Math.max (amri ya kupata namba iliyo kubwa kati ya mbili), ili waliozoea Java wasianze kujifunza upya. Msimbo, yaani maagizo ya ndani yanayoitafuta hiyo namba kubwa, iliuandika yenyewe. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 6 dhidi ya 2, kuwa hayo ni matumizi ya haki, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki. Haikusema matamko hayana hakimiliki. Swali hilo ililikwepa. Ukinakili na msimbo wa ndani, hukumu hii haikukingi.