Windows 10 imefika mwisho, ila usikimbilie kuitupa kompyuta yako

Jamani tangu Oktoba 14, 2025 ipite napata swali lilelile kutoka kwa ndugu, majirani, watu wa kazini, kila mtu anauliza Windows 10 imekufa sasa ninunue kompyuta nyingine? Na wengine wala hawaulizi, wanaenda moja kwa moja dukani. Kabla hujatoa hela yako naomba usome hapa mpaka chini maana mashine za aina hii nimezishika nyingi, yangu mwenyewe ikiwemo, na nyingi bado zinapiga kazi vizuri tu.

Kwanza tuelewane kilichoisha ni nini. Kompyuta yako haitazimika, mafaili hayaendi popote, utaandika, utaprinti, utaingia mtandaoni kama kawaida. Kilichoisha ni viraka vya usalama, yaani zile apdeti za kila mwezi ambazo Microsoft walikuwa wanatoa bure tangu Windows 10 itoke Julai 2015. Na hapa ndipo watu wengi wanachukulia poa. Windows 10 na Windows 11 zina vitu vingi sana vinavyofanana kwa ndani, kwahiyo Microsoft wakiziba tundu kwenye 11 wadukuzi wanachungulia kile kiraka kimebadilisha nini, alafu wanaenda kujaribu kama tundu hilohilo liko wazi kwenye 10. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai hela, ilisambaa kwenye nchi zaidi ya 150 ikafunga mpaka kompyuta za hospitali kule Uingereza, na kiraka cha kuizuia kilikuwa kimeshatoka tangu Machi! Iliwapata ambao mashine zao zilikuwa hazijawekewa. Sasa mtu akikwambia mi naendelea hivihivi nina antivirus, antivirus ni nzuri na usiitoe, ila haizibi tundu lililoko kwenye mfumo wenyewe.

Njia ya haraka kuliko zote, na ndio niliyotumia kwenye mashine yangu, ni mpango wa Microsoft unaitwa ESU (Extended Security Updates), yaani viraka vya usalama vya muda wa nyongeza. Unaendelea kupata viraka vya usalama mpaka Oktoba 13, 2026 na unaweza kujiunga muda wowote kabla ya hapo, kwahiyo usidhani umechelewa kwasababu tu ile tarehe ya mwanzo imepita. Unalipa dola 30, au unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, yaani zile pointi za zawadi za Microsoft, au hulipi chochote ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Fungua Settings, nenda Windows Update, hapo utaona sehemu ya kujiandikisha. Usipoiona usikate tamaa, angalia kwanza kama mashine iko kwenye toleo la 22H2 na apdeti zote zilizobaki zimeingia, alafu hakikisha akaunti unayotumia ndio yenye mamlaka ya msimamizi, maana kama ni akaunti ya mtoto haitakubali. Watu wanaogopa hapo kwenye kuhifadhi kwasababu nafasi ya bure ya OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ni GB 5 tu na wao wana picha za miaka yote. Mimi nilizima folda za picha na nyaraka nikaacha setingi peke yake, ikakubali, sikulipa kitu. Na jambo ambalo wengi hawalijui, ukishajiunga unaweza kuitumia kwenye kompyuta mpaka 10 za akaunti hiyohiyo, yaani nyumba nzima imepona.

Ila mwaka mmoja ni mwaka mmoja, lazima ujue unaelekea wapi baada ya hapo. Wengi wameambiwa na kompyuta yao kwamba haifai kwa Windows 11 wakaamini papo hapo. Hebu hakikisha mwenyewe. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 (au Ryzen 2000 kwa wa AMD), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kitu kinaitwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ya kutunza funguo za siri, na hii TPM ndio inayoleta mkanganyiko mkubwa. Mashine ya mjomba wangu ilikataliwa kabisa, tukaangalia prosesa tukakuta ni ya kizazi cha 8, kumbe TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, zile setingi za ndani zinazofunguka kabla Windows haijawaka! Kwenye Intel itafute kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM, unaiwasha unasevu unatoka. Ikapanda Windows 11 siku hiyohiyo bila kununua kitu. Tahadhari moja tu na tafadhali usiiruke, kabla hujagusa BIOS angalia kama diski yako imefungwa na BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaoficha mafaili kwa ufunguo, kama imefungwa ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft unakili ile namba ya tarakimu 48 kwenye karatasi, kwasababu ukibadilisha mambo ya TPM kompyuta inaweza kukudai hiyo namba ikiwaka na usipokuwa nayo mafaili yako huyapati tena.

Kuhusu zile mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyostahili, zipo na zinafanya kazi, ila mimi siziweki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Microsoft wamesema wazi kwamba hawakuhakikishii apdeti, sasa tulichokuwa tunakikimbia si ndio hichohicho?

Kwa mashine ambayo kweli ni ya zamani mi napendekeza Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaokaa badala ya Windows, na nasema hivi kwa moyo wote. Mama yangu anaitumia kwenye kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha 4, anasoma barua pepe, anaangalia video, anaandika barua zake kwenye LibreOffice, hajawahi kunipigia kulalamika kuhusu mfumo. Mint 22 ina viraka mpaka 2029, ni bure, na inaenda hata na RAM ya GB 4. Uzuri wake unaweza kuiweka kwenye fleshi ya GB 8 ukaiwasha bila kugusa diski, ukajaribu waifai, sauti na printa, ukiona haikufai unachomoa fleshi na Windows yako iko palepale. Kama kazi yako inategemea Photoshop, au watoto wanacheza Fortnite au Valorant, hapo Linux haitakusaidia na nisingependa mtu akudanganye. Na kama diski bado ni ile ya zamani inayozunguka, badilisha uweke SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, hakuna kitu kingine kitakachokuonyesha tofauti kubwa namna hiyo.

Kununua mpya iwe ya mwisho kabisa, hasa kwa sababu bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili bandia mpaka Micron, kampuni kubwa ya chipu za kumbukumbu, wakatangaza Desemba kwamba wanaachana na Crucial, ile RAM na SSD tuliyozoea kununua watumiaji wa kawaida.

Jambo lingine linaniuma sana, matapeli. Kuna kurasa zinatokea ghafla zimejaa skrini nzima na mlio, Windows yako imekwisha muda piga namba hii. Usipige! Ujumbe halisi wa Microsoft hauwekagi namba ya simu. Ukurasa ukigoma kufunga bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari chako kwenye orodha, kisha End task. Waonyeshe na wazazi wako hiyo, wakae na kompyuta wajaribu wenyewe mikono yao izoee, maana matapeli wanawatafuta sana wao.