Kempa mlimani: upange usiku kabla ya mchana

Agosti ile tulipopanda milima ya Taita kwa mara ya kwanza tulikuwa sita ndani ya kempa ya kukodi, yaani gari la kulala na kupikia ndani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mchana nilikuwa nimeupanga wote. Najua tutakula wapi, watoto watatembea msitu gani, picha tutapigia jabali lipi. Usiku sikuupanga hata kidogo, kwa sababu kwetu Malindi usiku hauna haja ya kupangwa. Unafungua dirisha, unajitupia leso, umelala.

Tulifika juu ya Wundanyi giza limeingia na ukungu umeshuka hadi kwenye taa za gari. Tukaegesha palipoinama bila kujua. Watoto wakawa wanaporomokea upande mmoja usiku kucha, na mziwanda akalia mpaka akachoka. Saa tisa za usiku mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, baridi hii yatoka chini, si juu." Alikuwa amejifunika mablanketi mawili, lakini chini yake palikuwa na godoro jembamba la sponji na bati la gari. Nilihamisha blanketi moja nikamtandikia, akalala. Tangu usiku ule tumerudi Taita mara mbili, na kila safari naanza kupanga kutoka kitandani.

Anza na hesabu ya baridi. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua joto kwa kama nyuzi sita. Kilele cha Vuria, kilicho juu kuliko vyote Taita, kina mita 2,208. Usiku ambao Malindi tunahesabu nyuzi 24, kule juu jiandae kwa kumi au kumi na mbili, na kwa mtoto aliyezaliwa pwani hiyo ni baridi ya kumtoa machozi. Ukungu nao ni wetu wenyewe: upepo unaotoka bahari ya Hindi na unyevu wake hugonga vilima vile, ukapanda, ukapoa, ukawa wingu. Ndiyo maana Agosti, kusi inapovuma, Taita hukaa imefunikwa. Kama una nafasi ya kuchagua, nenda mwisho wa Desemba kaskazi ikishaingia na mvua za vuli zimepungua. Mbingu huwa wazi zaidi na njia za udongo hazitelezi.

Watu huniuliza mbona nisiwapeleke watoto Mlima Kenya moja kwa moja. Mlima Kenya ni mzuri mno, nami natamani sana kufika. Lakini sisi tunalala mita chache juu ya usawa wa bahari. Kupita mita 2,500 mwili huanza kulalamika: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukatika, na kituo cha Met Station, wanapolala wapandaji upande wa Naro Moru, kiko mita 3,050. Mtoto mdogo hawezi kukueleza vizuri kinachomsumbua. Ukienda, lala kwanza usiku mmoja au miwili chini zaidi, na mtu akizidiwa dawa ya kwanza ni kushuka. Kwa familia inayoanza, Taita inatosha, na imejaa mambo. Msitu wa Ngangao pekee una ndege ambao hawapatikani pengine popote duniani ila kwenye vilima hivyo.

Sasa kitanda. Kabla ya godoro natandika mkeka wa ukindu mara mbili, juu yake blanketi zito, ndipo godoro lije. Kilicho chini ya mtu kiwe kingi kuliko kilicho juu yake. Masweta tulinunua mitumba, na kila mtoto ana soksi za kulalia ambazo hazivaliwi mchana, maana zikilowa umande kazi yake imekwisha.

Kuna jambo moja naliomba ulichukue kwa uzito. Baridi ikibana, mkono utakuvuta kufunga kila dirisha na kuingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Usifanye hivyo kabisa. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha. Inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi pia lizimwe na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Madirisha mawili ya pande tofauti yabaki wazi upana wa kidole. Hapo utafaidika mara mbili, kwani watu sita wakipumua kwenye kempa iliyofungwa, alfajiri dari hudondosha maji na mablanketi hulowa.

Pahali pa kulala patafutwe simu ikiwa bado mkononi nyumbani, si njiani. Sehemu kubwa ya Taita ni mashamba ya watu na misitu ya serikali, huwezi kuegesha popote roho ipendapo. Sisi tulimpata mwenye shamba kupitia jamaa aliyeoa kule, tukamlipa, akatuonyesha maji na choo. Fika saa tisa alasiri. Weka bilauri iliyojaa maji kwenye sakafu ya gari. Yakiegemea upande mmoja, weka ubao chini ya magurudumu ya upande huo mpaka yatulie. Kisha zuia magurudumu kwa mawe. Mimi huangalia pia kibla kabla injini haijazimwa. Kwetu huku kibla ni kaskazini, basi tunaacha uwanja upande huo wa kutandika miswala. Na usiku najaza chupa mbili za chai maji ya moto, zisiguswe na mtu. Ni za udhu wa alfajiri. Mama mkwe aliponawa uso maji ya vuguvugu kule juu, aliniombea dua ndefu.

Chakula sina mengi. Maji juu huchemka kabla ya kupata moto kamili, kiasi cha nyuzi moja chini kwa kila mita 300, kwa hiyo mbaazi zichemke nyumbani na ukifika utie nazi tu. Mahamri hukaa siku mbili. Chai iwe na tangawizi nyingi.

Gari ndilo lililotugharimu zaidi. Aliyetukodisha alituhakikishia kila kitu kinafanya kazi. Pampu ya maji ilikufa siku ya kwanza na jeki haikuweza kuinua gari lililobeba mizigo. Siku hizi tunalipa siku moja ya ziada na kulala ndani ya kempa uani kwetu kabla ya kuondoka. Tunapika humo, tunafungua maji, tunashusha tairi moja na kuirudisha. Tunapiga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenyewe. Tangi la maji hatulijazi Malindi, kwa sababu lita 100 ni kilo 100 za kupandisha kilima bure. Kule juu maji yapo, ila ya kunywa tunayachemsha.

Njiani, tukivuka Kilifi tunaingia Mavueni, tunapita Kaloleni na kutokea Mariakani, tukiepuka msongamano wa Mombasa. Kutoka hapo ni malori matupu mpaka Voi, na kati ya mbuga mbili za Tsavo tembo huvuka barabara, kwa hiyo usiku hatuendeshi. Mwatate tunasimama nusu saa. Watoto wanakula kidogo tu, kwa sababu kona za Wundanyi humtapisha aliyeshiba, nami huwapa ndimu walambe.

Kushuka ndiko kunakotaka akili zaidi kuliko kupanda. Dereva asikae juu ya breki. Ateremke kwa gia ile ile ambayo angepandia, injini ilishike gari, na breki aguse kwa vipindi. Breki zikipata moto sana mafuta yake huchemka na pedali huzama bila kushika kitu. Sisi tulisikia harufu ya kuungua kona ya nne, mume wangu akaegesha pembeni, tukashuka wote. Hatukumwagia maji magurudumu, maana chuma cha moto hupasuka. Tulingoja dakika arubaini, mama mkwe akivuta tasbihi kwenye jiwe na watoto wakihesabu vilima, kisha tukaendelea kwa gia ya pili mpaka Mwatate.