Kiraka cha bodi mpya kimerudishwa? Kitenganishe kwanza

Uliyeuliza kwa nini kiraka chako (patch, yaani mabadiliko ya msimbo unayotuma) cha bodi ya RK3588 (chipu ya Rockchip) kimekataliwa: umeweka faili la .dts (linaloieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi) na maelezo ya YAML (kanuni za kuandika vifaa hivyo) pamoja. Kwenye kerneli ya Linux, chochote kilicho chini ya Documentation/devicetree/bindings huwa kiraka chake, tena hutangulia. Jina la bodi liongeze kwenye arm/rockchip.yaml. Kama mtengenezaji hayumo kwenye vendor-prefixes.yaml (orodha ya vifupi vya majina ya watengenezaji), hicho ni kiraka kingine, mbele ya vyote. Faili la .dts na mstari wake wa Makefile vifuate mwisho.

Kabla ya kutuma, sakinisha dtschema (zana ya kukagua mafaili hayo) kwa pip, endesha make dt_binding_check, kisha:

make ARCH=arm64 CHECK_DTBS=y rockchip/rk3588-bodi-yako.dtb

Ukiona "failed to match any schema with compatible", ama umekosea herufi kwenye compatible (sifa inayotaja modeli ya kifaa), ama kifaa hicho hakina YAML kabisa. Usilipite onyo hilo. Wakaguzi huendesha amri hiyohiyo.

Majina ya nodi (sehemu za .dts zinazoeleza kifaa kimojakimoja) nayo huwarudisha wengi. Andika temperature-sensor@48, si tmp102@48: nodi hubeba aina ya kifaa, modeli inakaa kwenye compatible. Heksadesimali kwa herufi ndogo, status baada ya sifa nyingine zote.

Wapokeaji utawapata kwa scripts/get_maintainer.pl; tuma kwa git send-email. Toleo la pili litengeneze kwa git format-patch -v2, mabadiliko uyaeleze chini ya mstari wa ---, na Acked-by (mistari ya idhini ya wakaguzi) ulizokwisha kupewa uzibakize kwenye ujumbe wa kiraka.