Meza yako, mwanangu

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama unaweza kujitengenezea meza ya kulia ya watu sita, isiyofanana na zile zinazopangwa kando ya barabara hapo Dodoma, ilhali kodi ya nyumba ya Ihumwa imekwisha kukausha mfuko. Unaweza, ila utakachookoa katika fedha utakilipa kwa siku za kungoja.

Unaikumbuka meza ya bibi yako, yenye ufa ulioweza kumeza kijiko? Niliitengeneza mimi. Mbao za paini zilitoka Iringa zikiwa bado mbichi, tena wakati wa mvua, nami kwa haraka ya ujana nikaukaza uso wa meza kwenye fremu kwa skrubu pande zote. Kiangazi kilipoingia na pepo zake kavu, mbao zilisinyaa kwa upana, kwa sababu ubao husinyaa kwa upana na karibu hausinyai kabisa kwa urefu. Fremu ilipokataa kuziachia, zikapasuka. Bibi alisema ufa ule unasaidia kupitisha makombo.

Kwa hiyo, mbao utakazopata zipange chumbani, mbali na jua, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Chagua ubao mmoja, uupime kila wiki kwenye mzani wa muuza duka. Uzito ukiacha kupungua, anza kazi.

Upekee unaoutafuta utaupata kwa mafundi wa samani, ambao huwa na masalia ya mbao za mninga na mkongo yanayoishia jikoni kuwa kuni. Waombe au uwalipe kidogo, uyachane kuwa vipande vya upana wa inchi 3. Vipande 12 vikiunganishwa ubavu kwa ubavu vinakupa upana wa inchi 36, na urefu wa futi 6 unatosha, kwani kila mlaji huhitaji kama sentimita 60 za ukingo. Vilivyo vifupi viunge, lakini maungio yapishane kama matofali ukutani, maana gundi haishiki vizuri kwenye ncha ya ubao. Rangi ya mninga ikikaa kando ya ile ya mkongo, hakuna jirani atakayekuwa na meza kama yako.

Kwa miguu na fremu, tafuta mbao zilizotumika kumwagia zege. Kwa ujenzi unaoendelea huko Mtumba, hazikosekani. Ng'oa misumari yote na kwangua saruji kabla ya kupiga randa, la sivyo utayamaliza makali yake kwa asubuhi moja. Uso wa meza usiutengeneze kwa mbao hizo, kwa kuwa nyingi hupakwa oili chafu ili zege lisinate kwenye ubao, na hapo ndipo utakapoweka chakula.

Klampu, vile vibano vya kubania mbao, ni ghali, usinunue. Pigilia vibao viwili imara juu ya ubao mpana, panga vipande vyenye gundi katikati, kisha vibane kwa kabari mpaka gundi ichuruzike kidogo, na uviache hadi kesho yake. Miguu iungwe kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja iingie kwenye tundu la mwenzake, si kwa misumari. Kimo cha meza kiwe sentimita 75, na fremu isishuke chini ya sentimita 60 kutoka sakafuni, usije ukawaumiza wageni magoti. Unapofunga uso juu ya fremu, matundu ya skrubu yawe marefu kidogo kwa kufuata upana wa meza, ili mbao zipate pa kusogea.

Ukishapiga msasa, paka vanishi mara tatu, ukisugua kidogo kila inapokauka.

Nijulishe mzani utakaposimama. Randa yangu sitaituma kwa mizigo ya basi. Nitakuja nayo mwenyewe, na mama yako amekwisha kusema hatabaki.

Baba yako