Dogo kachanganyikiwa na magemu ya vita, anataka jeshi

SWALI: Shikamoo anko. Mdogo wangu kamaliza form four, tunaishi Igoma hapa Mwanza, siku nzima yuko banda la gemu anapiga Call of Duty, usiku anamalizia bando langu kwa PUBG. Sasa hivi kwake hakuna watu kama wanajeshi wa Marekani, eti akiingia JKT atapewa bunduki aanze misheni. Mama anataka tumpige marufuku. Kweli gemu linaweza kumgeuza mtu hivyo? – Dada Mtu

JIBU: Marahaba dada. Dogo hajaharibika, ila hiyo picha ya mwanajeshi aliyonayo kichwani kuna watu waliichora makusudi. Jeshi la Marekani lenyewe lilitoa gemu lake, America's Army, Julai 2002, bure kabisa, ili vijana walipende jeshi na wajiandikishe, wakaja kulizima 2022. Damu waliibana isionekane sana ili hata vijana wadogo waruhusiwe kucheza. Alafu cheki hii: timu zote mbili zinajiona ni wanajeshi wa Marekani, yaani wewe unamuona mwenzako gaidi, na yeye kwenye skrini yake gaidi ni wewe! Hakuna anayekaa upande wa adui hata dakika moja. Sisemi atatoka hapo akapige watu, hapana, ila anazoea kwamba vita ni risasi tu, hakuna raia, hakuna mguu uliokatwa, ukifa unarudi.

Wakati vita ilifika hapahapa Mwanza. Mwaka 1979, Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitaka kuupiga mji, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, enzi hizo wanyama walikuwa wanafugwa pale, wakafa wanyama na mfanyakazi akajeruhiwa. Mtafutie mzee aliyekuwepo mjini kipindi kile, amsimulie.

Marufuku msimpige, atahamia banda lingine tu. Bora umtafutie This War of Mine, la Wapoland, 2014, kwenye simu lipo. Humo wewe ni raia, mchana mnapigwa njaa ndani ya nyumba, usiku unatoka kutafuta chakula na dawa, na ukimuibia mzee wa watu, wenzako ndani wanakosa raha.

JKT akitaka aende, ni sehemu nzuri tu, ila aulize waliopita mujibu: kuamka alfajiri, kwata, jembe na kufyeka, misheni ndo hiyo. Na bando badilisha paswedi, kwani wewe ndo wizara ya ulinzi?